MAMBO YA NYUMBANI: Chumba cha Shetrini



Mwezi uliopita tulinena habari za jikoni na moshi wake, na mwisho wa maneno yetu tuliahidi ya kuwa safari hii tutaendelea na vyumba vya kulala watoto. Twawaomba mtuwie radhi, ahadi hiyo twaiweka kando kwa mwezi mmoja. Sababu yake ni hii. Mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye mumewe ana mashua ya tanga, alitujia baada ya Misa akasema, "Mwalimu, kila mwezi mwatufundisha habari za nyumba yenye kuta na paa. Mume wangu katika mwezi hulala nyumbani siku kumi, na siku ishirini hulala chomboni. Je, ile si nyumba? Mbona hamtuambii neno juu yake?" Tulikaa kimya kidogo, kwani hatukuwa na jibu. Kweli, toka Kunduchi na Mbweni mpaka Mlingotini na Kaole na Bagamoyo, na kuendelea hata Winde, Saadani na Pangani, ziko nyumba nyingi ambazo baba wao ana vyumba viwili vya kulala, na kimoja chaelea.

Basi leo tutanena habari za chumba hicho, kile kibanda kidogo cha shetrini ambamo nahodha huweka vitu vyake, na mama mwenye mtoto huingizwa jua likiwa kali, na mgonjwa hulazwa. Twanena habari za mashua na majahazi madogo, si za ngalawa, kwani mtu wa ngalawa hana chumba ila mbingu.

Kabla ya kuandika tulimwendea mzee mmoja wa pwani, nahodha wa miaka mingi, tukamwamkia, tukamwomba shauri. Akacheka, akasema, "Mwalimu, chombo si kitanda. Baharia akilala vizuri, chombo nacho hulala." Twamheshimu sana mzee huyo, na katika mambo ya tanga na upepo hatuthubutu kushindana naye, lakini hapa hatukubaliani. Baharia aliyekesha usiku kucha amelowa na kubanwa, asubuhi macho yake hayaoni mwamba. Nao abiria hawakuja chomboni kushika zamu. Wazee husema msafiri kafiri, maana yake mtu akiwa safarini hawezi kutimiza yote ayatimizayo nyumbani kwake. Lakini mithali hiyo yamsamehe msafiri, haimsamehe mwenye chombo.

Na tufungue Injili. Mtakatifu Marko, katika sura ya nne, aeleza habari za dhoruba katika ziwa la Galilaya, wala hakuacha kutuambia mahali alipolala Bwana wetu, ya kuwa palikuwa shetrini, na alikuwa na mto wa kulalia. Watu wa bara wasomapo neno lile shetri hulipita upesi. Sisi wa pwani twajua sana ni mahali gani. Mwaka 1986, maji ya ziwa lile yalipopungua kwa ukame, mbao za chombo cha kale zilionekana matopeni, nacho chakadiriwa kuwa cha karne ya kwanza, yaani zamani zile zile za Bwana wetu na Mitume. Urefu wake wapita kidogo meta 8, na upana wake wapita meta 2. Basi ni kadiri ya mashua zetu. Tena wako wataalamu wadhanio ya kuwa mto ule aliolalia Bwana ulikuwa mfuko wa mchanga, mmoja katika mifuko iliyowekwa chomboni kuwa farumi, ili chombo kisilewelewe. Ikiwa ndivyo au sivyo, shauri lenyewe ni jema, kitu kimoja kufanya kazi mbili. Katika chumba ambacho mtu mzima hawezi kusimama wima, kila kitu chenye kazi moja tu ni mgeni alaye bure.

Naye Nuhu, alipoamriwa kutengeneza safina, alipewa maagizo ya vyumba, na ya lami ndani na nje, na ya mahali pa kuingizia nuru huko juu. Angalieni basi, maji yazuiwe, na nuru na hewa ziingie. Mambo hayo mawili chomboni hugombana kila siku, na ugomvi wao nusura ututie msibani.

Mwaka jana, majuma mawili baada ya Pasaka, tulikuwa tumekwenda kufundisha katika kijiji kimoja cha wavuvi, kaskazini ya mlango wa mto Wami. Masika yalikuwa makali, na njia ya gari ilikuwa imekatika kwa maji. Siku ya kurudi akaletwa pwani mtoto wa miaka mitatu mwenye homa, pamoja na mama yake na bibi yake, ili apelekwe hospitali Bagamoyo. Chombo kilikuwa mashua yenye kibanda shetrini. Upepo wa kusi ulikuwa umekwisha kuanza, nasi twaelekea kusini, basi ilitubidi kwenda bisho, kupindua huku na kupindua huku; na safari ambayo wakati wa kaskazi ni ya saa chache ikawa ya usiku kucha.

Nahodha alikuwa mtu mwema. Kibanda chake alikuwa amekizungushia turubali jipya, akaziba kila ufa kwa matambara, hata tone moja la mvua lisipite. Tulipoingia tulimsifu. Usiku mvua ikazidi, mtoto akatetemeka kwa baridi ya homa, na sisi, wala si nahodha, sisi tuandikao maneno haya, tukamwambia, "Nahodha, tafadhali, lile jiko la mkaa ulilochemshia chai, tuingizie humu ndani, mtoto apate joto." Akasita kidogo, akasema, "Mwalimu, kuna moshi." Tukamjibu ya kuwa mkaa umekwisha kuwaka wote, hauna moshi tena. Naye kwa heshima akaliingiza, akashusha turubali nyuma yake.

Kwa muda palikuwa pazuri. Mtoto akaacha kutetemeka. Bibi akasema kichwa chamwuma, kisha akatapika. Tukadhani ni bahari. Kichwa chetu nacho kikaanza kugonga kama ngoma. Tukadhani ni njaa, kwani tulikuwa hatujala tangu adhuhuri. Tukaanza Rozari, na katika fumbo la pili tukasahau tumefika wapi, jambo ambalo halijatupata tangu tulipokuwa mtoto wa shule. Mama wa mtoto hakuitikia Salamu Maria, tukadhani amelala. Hata kijana mmoja baharia akaja kutafuta kamba iliyokuwa feulini, akafunua turubali, akapiga kelele. Twakumbuka mikono yake chini ya makwapa yetu, na mvua usoni. Mama yule alilazwa juu ya sitaha, akaitwa jina lake mara nyingi asiitike, na bibi yule mzee, ambaye mwenyewe hawezi kusimama, alikuwa akimpigapiga mashavu na kulia. Muda mrefu ukapita, ndipo akafumbua macho, akauliza mtoto yuko wapi. Mtoto alikuwa mikononi mwa nahodha, amefunikwa koti lake, analia kwa nguvu zake zote. Usukani ulikuwa umeshikwa na kijana.

Hospitalini tabibu alitueleza. Mkaa uwakapo mahali pasipopita hewa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu kuliko hewa njema, hata mwili ukakosa hewa ingawa mtu anavuta pumzi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika na usingizi, yaani dalili zile zile ambazo chomboni kila mtu huziita ulevi wa bahari. Hiyo ndiyo hila yake. Lakini ulevi wa bahari haumshiki mzaliwa wa pwani na mgeni, mkubwa na mdogo, wote kwa saa moja. Wote waliomo chumbani wakiumwa kichwa pamoja, watoke nje kwanza, na maswali yaulizwe baadaye. Na mkaa usio na moshi si mkaa usio na sumu. Neno lile tulilomwambia nahodha kwa ujuzi wetu mwingi, twalirudisha leo mbele yenu nyote. Nao mliopo bara, msicheke. Wako kati yenu waingizao jiko chumbani usiku wa mvua, kisha wakafunga dirisha.

Basi kazi ya kwanza ya chumba cha chombo ni kutoboa, na kuziba kwaja nyuma yake. Matundu yawe mawili, kwani chumba chenye tundu moja ni kama mtungi, hewa iliyomo haina njia ya kutokea. Tundu moja liwe chini, upande wa mbele, hewa ipate kuingia; la pili liwe nyuma, karibu kabisa na paa, hewa yenye joto ipate kutoka. Kila moja liwe na upana wa kiganja, na juu yake pigilieni kikofia cha ubao au cha bati kinachoinama, maji ya mvua yapite nje. Wala msitie kifuniko cha kuziba kabisa. Mtu aonaye baridi atakiziba, kama sisi tulivyofurahia matambara ya nahodha.

Tena chombo kikitia nanga, omo huelekea upepo chenyewe bila kuambiwa. Hapo ndipo panapofaa mfuko wa upepo. Shoneni mfuko mrefu wa marikani, kama mguu wa suruali kubwa. Mdomo wake utieni pete ya fito ili ukae wazi, muutundike mlingotini mdomo ukikabili upepo, na mkia wake uingie chumbani. Upepo utashuka humo kama maji katika mfereji. Meli kubwa za tanga za Ulaya zilitumia mifuko ya namna hii kuwapelekea hewa watu waliokaa chini ya sitaha. Mama ajuaye kushona foronya aweza kuushona kwa mchana mmoja. Chombo kikiwa bisho na mawimbi yakirusha maji, uondoeni, au mdomo wake ugeuzwe tezi.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mtepe, kile chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, na tanga lake lilikuwa mkeka, ulikuwa na banda la makuti katikati. Makuti humwaga mvua, tena hupumua. Turubali humwaga mvua, lakini halipumui. Hatusemi mrudie makuti, kwani hushika moto upesi na hukaribisha wadudu, na yakilowa ni mazito. Twasema turubali likifungwa, liachwe wazi shibiri moja chini yake, upande ule usiopigwa na upepo.

Tukinena habari za hewa ya vyombo, sisi wa Bagamoyo hatuwezi kupita kimya. Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka toka Unguja wakaanza misheni yetu mwaka 1868, na wengi wa Wakristo wa kwanza walikuwa watoto na watu waliokombolewa utumwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Kabla ya siku hiyo, watu kama hao walivushwa baharini kwa majahazi, wamebanwa pamoja kama shehena, wala hapakuwa na aliyeuliza kama wanapata pumzi. Hatuandiki haya ili kumshutumu nahodha yeyote wa leo. Twaandika kwa sababu usiku ule, tulipolala juu ya sitaha tukitafuta pumzi, ndio tuliowakumbuka.

Sasa habari za maji. Maji ya kumsumbua mlalaji hutoka juu na chini. Ya juu mara nyingi hayapiti katikati ya mbao, hupita pale ubao wa sitaha unapokutana na ubavu wa chombo. Basi kalafati ianzie hapo. Pamba iliyolowekwa mafuta ishindiliwe kwa patasi na nyundo, isijazwe kwa kidole kama watu wavivu wafanyavyo. Tena wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, mbao hukauka zikaachana, na mvua ya kwanza ikija humwagika ndani kama chujio. Dawa yake ni ndoo chache za maji ya bahari juu ya sitaha na paa la kibanda, kila jioni. Yawe maji ya bahari, wala si ya kisima wala ya mvua, kwani maji matamu yakikaa katika mbao huziozesha, na ya chumvi huzihifadhi.

Maji ya chini ni ya ngamani, nayo hatutasema mengi, maana kila baharia ajua upo ni kitu gani. Lakini uvundo wake ndio uwatapishao abiria kuliko mawimbi. Maji ya ngama yachotwe kabla abiria hawajapanda, wala isingojewe mpaka wamekwisha kukaa. Kisha yamwagwe maji safi ya bahari, yachotwe tena. Sakafu ya kibanda isipigiliwe misumari. Iwe ya fito au mbao nyembamba zilizofungwa pamoja, ziweze kuinuliwa kama mkeka, ili takataka za miezi sita zipate kuonekana na mwenye macho. Ama sifa, yale mafuta ya papa, ni dawa njema ya mbao za nje. Lakini wako wapakao hata ndani ya kibanda, tena siku moja kabla ya safari. Abiria wengi husema wamelewa bahari. Sisi tumeona wengi waliolewa sifa.

Kitanda ndicho kitu ambacho mama yule alitaka hasa kuuliza, na kwanza alishangaa tulipomwambia kiwe chembamba. Nyumbani twataka kitanda kipana. Chomboni kitanda kipana ni adui, kwani mlalaji huviringishwa kama nazi. Upana wa sentimita 60 wamtosha mtu mmoja, na pembeni upigiliwe ubao wa kumzuia, urefu wake shibiri moja. Kilazwe toka omo kuelekea tezi, kisikingame. Mtu aliyelala kwa kukingama, chombo kikilala upande mmoja, kichwa chake hushuka chini ya miguu, akaamka na damu yote usoni. Tandiko lisigusane na mbao za ubavu, maana mbao hizo hutoka jasho usiku. Fito za mikoko zilizofungwa kwa kamba ya usumba, na juu yake jamvi, na juu ya jamvi mkeka wa ukindu, zatosha. Magodoro ya sponji yauzwayo madukani ni laini, lakini yakinywa maji ya chumvi hayakauki tena, kwa kuwa chumvi huita unyevu kila jioni. Mwenye nalo alishone ndani ya mfuko wa plastiki kwanza. Kwa mto, hakuna kama mto wa sufi, nasi wa pwani misufi yetu hutupa bure. Sufi huelea; zamani, kabla ya sponji kuenea, jaketi za kujiokolea zilijazwa sufi. Walakini mto si jaketi.

Na habari hii ya jaketi, twataka kuikalia kidogo. Katika chombo kimoja tuliuliza ziko wapi, tukaonyeshwa: feulini, zimefungwa kamba, juu yake magunia matatu ya mkaa. Nyingine tumeziona zimefanywa matandiko, mtu amezilalia na mwenzake amelala juu ya miguu yake. Kitu hicho mahali pake ni mlangoni pa kibanda, kwenye msumari wa mti, kila moja pekee, mtu aivute gizani kwa mkono mmoja. Tena ziwepo za watoto. Jaketi ya mtu mzima humtoka mtoto kichwani.

Mama yule alikuwa na haja nyingine, ya kuinua paa la kibanda mpaka mtu asimame wima. Hapo tulikataa, na mzee wetu nahodha safari hii alikuwa upande wetu. Kila ubao uongezwao juu huongeza mkono wa upepo na huinua uzito wa chombo, na chombo ambacho uzito wake uko juu hulala upesi na kuinuka polepole, au hakiinuki. Hata meli kubwa hazikusamehewa; MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Kwa mashua, yatosha mtu aketi bila kugonga kichwa, yaani kama sentimita 90 toka tandiko hata paa. Vitu vizito, kama mapipa ya maji, sanduku la vyombo na magunia ya mchele, viwekwe chini kabisa na vifungwe. Na mwenye kubadili chombo chake amwonyeshe mkaguzi wa TASAC kabla hajapakia watu, wala asimngojee amkute baharini.

Jiko likae nje, katika sanduku lenye mchanga, upande wa demani ambako upepo hupeleka cheche majini. Mtoto mwenye baridi apewe blanketi kavu na kifua cha mama yake, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Chupa hiyo ndiyo tuliyopaswa kuomba usiku ule. Taa iwe ya jua, zile ndogo zinazoanikwa mchana. Kandili nayo huwaka kwa hewa ile ile tuvutayo, na mafuta yake yakimwagika mkeka hauwi mkeka tena.

Neno moja kwa ajili ya akina mama, nalo twalisema upesi, bali msilisahau. Mabaharia wanayo desturi yao ya kwenda haja, isiyomfaa mwanamke wala mtoto. Pazia la kitambaa kizito, na ndoo yenye kifuniko, na kamba ya kushika mkononi, havina gharama kubwa. Twajua wanawake waliokaa chomboni tangu magharibi hata asubuhi wakijizuia kwa haya, hawanywi maji, na mmoja wao alikuwa mja mzito.

Kunguni na mende watashindwa wakati wa bamvua, chombo kikipwelewa mchangani. Toeni kila kitu chumbani, mpaka msumari wenye kofia, mkianike juani mchana kutwa, na nyufa za mbao zimwagiwe maji yanayochemka. Kazi hiyo watoto huipenda, maana kwao ni kama mchezo wa kuhamia pwani.

Hayo yote tulimweleza mama yule mmoja mmoja, tukidhani atasahau nusu yake. Majuma matatu baadaye tulipita pwani wakati wa kupwa, tukaikuta mashua ya mumewe imelala upande, na mfuko wa upepo ukining'inia mlingotini, umeshonwa kwa kanzu kuukuu mbili, mikono yake imekatwa. Matundu yalikuwa mawili, yenye vikofia vya bati la debe. Kitanda bado kilikuwa kipana. Mume alisema atakipunguza akipata msumeno. Mkewe akatutazama, akanyamaza. Mzee nahodha, yule aliyesema chombo si kitanda, alikuwa amesimama chini ya mfuko ule, ameingiza mkono ndani ya mkia wake kupima upepo, naye akauliza ni kanzu ngapi zinazohitajika kwa chombo cha kadiri ya chake.

Mwenye kujua njia njema ya kuzuia maji yanayopita chini ya mlingoti, ambayo sisi hatukuipata, amweleze mwalimu wa kigango chake atuletee. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudia vyumba vya kulala watoto.